Nimenunua mashine ya pinboli ya 1973 ikiwa mfu, naifufua besimenti. Wenye uzoefu wa rilei karibuni

Gololi_wa_Tanga

Wakuu, salaam.

Naishi kitongoji kimoja nje kidogo ya Chicago, mwaka wa tisa sasa. Wiki iliyopita mama mmoja mtaa wa pili alikuwa anauza vitu vya marehemu mumewe, nikaenda kutafuta ngazi ya aluminiamu. Nimerudi na mashine ya pinboli. Ngazi sikununua, na mama watoto ananikumbusha kila mvua ikinyesha na maji yakafurika kwenye mfereji wa paa.

Kwa ambao hamjawahi kuiona: ni meza ndefu ya miguu minne, imeinama kidogo kuja kwako, juu imefunikwa kioo. Unavuta fimbo yenye springi na kuiachia, gololi ya chuma inapanda hadi juu kabisa, kisha inateremka ikigongana na kila kitu, na kila inachokigonga kinakupa alama. Chini kuna vibawa viwili unavyovibonyeza kwa vitufe vya ubavuni ili uipige irudi juu. Ikipenya katikati ya vibawa, imekwenda hiyo.

Yangu inaitwa Hot Shot, ya kampuni ya Gottlieb iliyokuwa hapa hapa Chicago, ya watu wanne. Mchezo wenyewe umechorwa kama pool: kuna vibao 14 vyenye namba za mipira, saba kushoto, saba kulia, ukikigonga kimoja kinaanguka chini puuu.

Kilichonimaliza ni ndani. Hakuna chipu hata moja. Hakuna programu. Kuna rilei (swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme), koili (waya uliozungushwa, ukipata umeme unavuta chuma), mota moja, magurudumu ya namba yanayoonyesha alama, na waya wa kila rangi umefungwa kwa uzi uliotiwa nta. Nilipofungua mlango wa nyuma nilidhani nimepasua tumbo la ng'ombe.

Nimelipa dola 300. Hali yake: ukichomeka, taa nusu zinawaka nusu zimelala. Ukibonyeza kitufe cha kuanza, kimya.

Kisonoko88

Ngoja nitandike mkeka hapa. Huu uzi utakuwa mrefu.

Dada_Zuu

Kaka, hii si ndugu yake na zile bonanza za Kichina zinazokula mia mbili mia mbili za watoto wa watu vibandani? Umeingiza kamari nyumbani kwako.

Gololi_wa_Tanga

Dada Zuu, umeuliza swali lililowahi kuulizwa na meya wa New York, na yeye hakungoja jibu. Fiorello La Guardia mwaka 1942 alizipiga marufuku mjini mwake, polisi wakazikusanya, na yeye mwenyewe akapigwa picha akizivunja kwa nyundo. Chicago zilikotengenezwa nako zilikatazwa, yaani wakati ule zilikuwa zinaundwa hapa lakini huruhusiwi kuzichezea hapa.

Na tuseme ukweli, wakati ule hakukosea sana. Za mwanzo hazikuwa na vibawa. Unarusha gololi, unasimama kuitazama inaangukia wapi, basi. Hiyo ni bahati nasibu yenye kioo. Vibawa vilikuja 1947 kwenye mashine ya Gottlieb iitwayo Humpty Dumpty, ilikuwa navyo sita. Kuanzia hapo mkono wa mchezaji ukawa na kazi. Lakini sheria ya New York ilikaa mpaka 1976, ndipo mwandishi mmoja, Roger Sharpe, akapelekwa mbele ya madiwani acheze wakimwona. Akatamka kabla ya kurusha kwamba gololi itapita njia ya katikati, akavuta fimbo, ikapita. Marufuku ikaondolewa.

Hii yangu haitoi hela. Inachokupa ukifanya vizuri ni gemu ya bure na mlio mmoja wa "ko!" kama mtu amepiga ubao kwa nyundo.

Mpiga_Spana

Mkuu, mimi ni fundi magari, Mwanza. Pointi (vile vyuma viwili vinavyogusana kupitisha umeme na kuachana kuukata) ni pointi, ziwe za distribyuta ya Datsun au za hiyo meza yako. Chukua msasa namba 120, piga pointi zote, halafu mwagia WD-40 kila mahali. Jioni unacheza.

Bin_Kisauni

Msasa 120 kwenye rilei? Yakhe, hapo utakuwa unachimba kisima. Miaka ya 80 baa moja ya mabaharia huku Kilindini ilikuwa nayo moja, ikaharibika, fundi wa jokofu akaitengeneza namna hiyo hiyo. Ilifufuka usiku mmoja.

Mzee_wa_Simu

Vijana, nimesoma. Mimi ni mstaafu wa Posta na Simu, nilianza na ekschenji za zamani (mitambo ya kuunganisha simu) kabla hazijawa za kidijitali. Hicho alichofungua Gololi nakijua kwa sura ingawa sijawahi kukichezea. Ni ekschenji ndogo iliyotiwa miguu.

Mpiga Spana, usikasirike. Pointi za gari zinakata mkondo mkubwa, ni ngumu, zinavumilia tupa. Pointi za rilei zina fedha juu yake, fedha ya kweli, kiasi kidogo tu. Ukiipiga msasa huo umeikwangua yote, na ulichobakiza kitaota kutu. Na hayo mafuta ya kupuliza yanawaka moto, na pointi zinatoa cheche. Yasipowaka yataganda na kushika vumbi. Usiyatie.

Gololi, kwanza kabisa: waya wa umeme na fyuzi ukoje?

Gololi_wa_Tanga

Shikamoo mzee wangu. Umeanza na pale pale penye aibu.

Waya ulikuwa wa pini mbili, umekauka hadi unapasuka ukiukunja. Nimeutoa, nimefunga wa pini tatu, na waya wa ardhi nimeukaza kwenye chuma cha transfoma, kisha nikautandaza hadi mlango wa sarafu na miguu. Fyuzi sasa. Kati ya vishikio vya fyuzi, kimoja kilikuwa na fyuzi iliyoviringishiwa karatasi ya fedha, ile ya kufungia chakula. Sijui ni marehemu au aliyemuuzia. Nimeweka fyuzi sahihi kwa kusoma lebo iliyogundishwa pembeni.

Na ndani kabisa, sakafuni, chini ya kopo la sarafu, nimekuta mchoro wote wa nyaya kwenye karatasi kubwa kama shuka la kitanda cha mtoto. Umelowa kona moja tu.

Mzee_wa_Simu

Marahaba. Mchoro huo una thamani kuliko mashine. Upige picha vipande vipande leo hii kabla hujafanya lolote.

Halafu chomoa umeme. Usizime tu, chomoa ukutani. Tafuta plagi zinazounganisha kichwa (kile kisanduku cha juu chenye namba) na tumbo. Zitoe moja moja, uzitazame meno, uzirudishe kwa kuzikaza sawasawa. Ndipo ubonyeze kitufe.

Mpiga_Spana

Sijakasirika mzee. Nachukua somo.

Gololi_wa_Tanga (siku mbili baadaye)

Wakuu, imepumua!

Plagi moja kati ya zile za kichwani ilikuwa imekaa upande, meno yake meusi kama ya mvuta kiko. Nimeyasugua kwa spiriti na brashi ya meno, nikakaza. Nikabonyeza kitufe. Rilei zikapiga ta-ta-ta, mota ikaanza kuzunguka, magurudumu ya namba yakaanza kugeuka kurudi sifuri...

...na mota haikusimama. Dakika nzima. Grrrrrr. Nikachomoa.

Basi nikakaa kitako jana nzima nikasafisha magurudumu yote ya namba. Yalikuwa na grisi ya zamani iliyogeuka ulimbo, hata ukisukuma kwa kidole linarudi pole pole. Nimefungua kila moja, nimesugua kwa spiriti, na pointi zake nimezipitishia kile kijitupa laini kinachopinda, cha kazi hii. Nimerudisha. Nimechomeka. Mota bado haisimami.

Kisonoko88

Mkeka niliutandika kwa sababu.

Mswahili_Maskati

Badilisha mota.

Mzee_wa_Simu

Mota haina kosa, mota inatii. Nisikilizeni niwaeleze hii kitu, maana inafanana sana na simu ya kuzungusha.

Zamani ukizungusha namba 7, simu yako ilikuwa inakata mkondo mara saba, na kule ekschenji kuna mtambo unapanda ngazi saba. Aliyebuni mtambo huo ni Mmarekani, Almon Strowger, hataza yake ni ya 1891, na kazi yake ilikuwa kuzika watu. Mwenye kampuni ya mazishi! Inasemekana alichoshwa na opereta wa simu aliyekuwa anampelekea wateja mshindani wake. Hayo tuyaache.

Magurudumu ya Gololi ni hivyo hivyo. Kila kipigo cha umeme kwenye koili, gurudumu linasogea namba moja. Ukianza gemu mpya, mota inazunguka na kutoa vipigo, kila gurudumu linapanda mpaka lifike sifuri. Likifika, kidole kilichopo kwenye gurudumu kinasukuma ulimi wa pointi, njia inakatika, gurudumu hilo halipati tena kipigo. La mwisho likifika, mota nayo inaachiwa. Sasa mota isiposimama, maana yake liko gurudumu moja linalosema "mimi bado sijafika". Ama kweli halijafika, ama limefika na halisemi.

Gololi, usiniambie unachofikiri. Niambie unachokiona. Simama mbele, washa, tazama namba.

Gololi_wa_Tanga

Nimetazama, mzee. Yote yamesimama kwenye sifuri isipokuwa moja, la makumi la mchezaji wa tatu. Hilo linafika 0 na kupitiliza. 8, 9, 0, 1, 2... linazunguka tu kama feni.

Mzee_wa_Simu

Na kabla hujalisafisha, lilikuwa linazunguka?

Gololi_wa_Tanga

Hapana. Lilikuwa limeganda kwenye 7.

Mzee_wa_Simu

Basi una makosa mawili. La kwanza la grisi, umeliondoa. La pili umeliweka mwenyewe. Ulipopitisha tupa uliukunja ulimi. Sasa gurudumu likifika sifuri kidole kinausukuma, lakini pointi haziachani. Chomoa umeme, ligeuze kwa mkono mpaka sifuri, uweke tochi nyuma, utazame kama unaona mwanga kati ya pointi.

Bin_Kisauni

Huyu mzee yuko Dar na anaona ndani ya besimenti ya Marekani. Hebu tulieni.

Gololi_wa_Tanga

Sikuona mwanga.

Nimeukunja ulimi taratibu kwa koleo ya mdomo mwembamba, kushikia karibu na mzizi, si kwenye ncha. Nimetumia kadi ya benki kupima: gurudumu likiwa sifuri, kadi inapita kati ya pointi bila kubanwa, likiwa namba nyingine yoyote, pointi zinagusana na kusukumana kidogo. Nimewasha. Grrr, ta-ta-ta-ta, TAK. Kimya. Kwenye kioo cha kichwani ikawaka taa ya mchezaji wa kwanza na gololi ya kwanza.

Wakuu, nimepiga kelele mpaka mtoto akashuka na soksi mguu mmoja.

Tupa sasa nimeifungia kwenye droo. Nikitaka kusafisha pointi naweka ukanda wa karatasi nyeupe ngumu, nabana pointi, navuta. Karatasi inatoka na mstari mweusi. Narudia hadi itoke nyeupe. Na naigusa tu iliyonikosea, hizo nyingine zimefanya kazi miaka hamsini bila mimi.

Dada_Zuu

Hongera kaka. Haya, tuonyeshe basi inavyochezwa.

Gololi_wa_Tanga

Bado, dada. Vibawa ni vidhaifu. Gololi inasukumwa kama mtu anayeamsha mgonjwa. Cha kulia kinafika nusu ya njia tu.

Mpiga_Spana

Hapa kwenye springi na koili naomba nisemeshwe maana nimesoma usiku kucha kwa ajili ya uzi huu. Koili ya kibawa ina nyaya mbili ndani yake. Moja nene, ya kupiga kwa nguvu. Nyingine nyembamba ndefu, ya kushikilia tu kibawa kikiwa juu. Kibawa kikifika mwisho kinafungua pointi, umeme unalazimika kupita na ile nyembamba, ili koili isiungue ukiendelea kubonyeza. Sasa pointi hizo zikiwa chafu, tangu mwanzo umeme unapita kwenye ile nyembamba, nguvu hakuna. Na zikigandana zisifunguke kabisa, koili inaungua. Mzee, nimekosea?

Mzee_wa_Simu

Hujakosea hata neno. Na pointi hizo hasa ndizo ngumu, hapo tupa yako inaruhusiwa.

Mpiga_Spana

Asante mzee. Nilijua siku yangu ingefika.

Gololi_wa_Tanga

Mpiga Spana umepatia. Za kulia zilikuwa zimeungua na kuota kichuguu. Nimezisawazisha kwa tupa. Pia nimebadilisha ile bomba ya plastiki iliyo ndani ya koili ambamo chuma kinapita, ya zamani ilikuwa imechakaa na kupata mkunjo. Sikutia mafuta. Huku kila fundi anakuambia hivyo hivyo: chuma cha koili kipite kikavu, mafuta yatakusanya unga mweusi na baada ya miezi kitasota.

Sasa kibawa kinapiga gololi hadi inagonga kioo. Gololi nayo nimenunua mpya, milimita 27, gramu 80 hivi. Ya zamani ilikuwa na vidoa vya kutu, na gololi yenye kutu inakwangua rangi ya ubao kama msasa unaotembea wenyewe.

Nikiwa hapo hapo nimebadilisha balbu. Zilizokuwemo ni aina ya 44, kila moja inakula ampea 0.25. Aina ya 47 inakaa kwenye kishikio kile kile na inakula 0.15. Nimefanya hesabu kwa balbu 50: kutoka ampea 12.5 hadi 7.5. Ndio maana vishikio vilikuwa vimebadilika rangi na nyuma ya kioo cha picha kulikuwa na joto la jikoni.

Kuhusu hicho kioo cha picha, onyo kwa yeyote atakayenifuata: rangi imepakwa upande wa NYUMA. Joto la balbu na baridi ya besimenti vinaitenganisha na kioo, inabanduka kama ngozi ya samaki. Nilikuwa nimeshashika kitambaa chenye maji mkononi. Mama watoto ndiye aliyeniuliza, "Hizo chembe nyekundu mezani ni za nini?" Nimepoteza kipande cha ukubwa wa kucha kwenye kona. Sijaugusa tena upande ule.

Kisonoko88

Na ubao wenyewe wa kuchezea?

Gololi_wa_Tanga

Ubao ni siku nne za magoti. Nimetoa raba zote, zilikuwa ngumu zinavunjika kama biskuti, nimehesabu na kuagiza mpya. Vibao, nguzo, kila skrubu kwenye kikopo chake, na picha kabla ya kutoa. Uchafu mweusi ni unga wa koili uliochanganyika na nta ya miaka. Maji sikutumia, mbao hii ikinywa maji rangi inainuka. Nimetumia nafta, ile ya kutia kwenye vibiriti vya chuma, dirisha wazi na umeme umechomolewa, halafu dawa ya kung'arishia plastiki, halafu nta ya karnauba tabaka mbili. Rangi ya kijani imetoka chini ya weusi kama jani la mgomba baada ya mvua. Sikujua kama ilikuwa ya kijani.

Kuna mahali pembeni ya shimo la chini rangi imeisha kabisa, mbao tupu. Wapo wanaopaka upya. Mimi nimepaacha. Hapo ndipo gololi za marehemu zilipokuwa zinapita.

Mswahili_Maskati

Niliyesema badilisha mota ni mimi, nisameheni. Swali la maana sasa: ukitaka kuipeleka Tanga siku moja, itafanya kazi?

Mzee_wa_Simu

Itafanya ukiwa na transfoma ya kushusha 230 kwenda 120, kubwa ya kutosha. Lakini huko kwake umeme unapiga mara 60 kwa sekunde, kwetu 50. Transfoma ya ndani itapata joto zaidi, na mota itapunguza mwendo, kila kitu kitahesabu taratibu kidogo.

Bin_Kisauni

Yaani mashine ikifika pwani na yenyewe itaanza kutembea pole pole. Sawa kabisa.

Gololi_wa_Tanga (wiki moja baadaye)

Wakuu, imekamilika. Nimeweka video chini, dakika tatu. Nimeisawazisha miguu kwa pimamaji, mteremko digrii 3.5. Mtoto wa jirani mwenye miaka kumi amenifunga gemu nne mfululizo. Mama mwenye mashine alikuja na keki, akavuta fimbo mara moja, akasikia ule mlio wa "ko!", akakaa kwenye ngazi za besimenti muda mrefu kidogo. Hakusema kitu, nasi hatukumsemesha.

Ndiyo, baada ya hapo ameniuzia na ile ngazi. Dola 10.

Mzee wangu, video nimeiweka kwa ajili yako. Mwanzoni kabisa ni pale inaporudisha namba zote sifuri.

Dada_Zuu

Nimeangalia mara tatu. Haya, nimefuta neno kamari.

Mzee_wa_Simu

Nimeisikiliza kwa spika za masikioni alizoniletea mjukuu. Ahsante sana mwanangu. Sauti hii sijaisikia tangu walipong'oa mitambo yetu.

Lakini sekunde ya tisa. Magurudumu yote yanapiga pamoja, kuna moja linakuja nyuma yao kidogo. Ni mchezaji wa nne, nadhani la mamia. Springi yake imechoka, au hukumaliza kuitoa ile grisi.

Gololi_wa_Tanga

Mzee, hilo gurudumu ndilo la mwisho kulisafisha, ilikuwa saa saba usiku, nikajiambia linatosha.

Nashuka nalo sasa hivi.